Msamaha wa mapema haufiki pale kisasi kinapopiga

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuchangie suala la viongozi na watumishi wa umma kusamehewa kabla ya kushtakiwa, ili watawala wapya wasiwalipizie kisasi. Sisi ni mawakili wa kesi za jinai hapa Moshi. Watu hubishana sana kuhusu nani anastahili msamaha, lakini ni wachache wanaouliza karatasi hiyo inamkinga mtu na nini.

Tarehe 20 Januari 2025, siku yake ya mwisho madarakani, Rais Joe Biden wa Marekani alitangaza kuwasamehe Dkt. Anthony Fauci aliyekuwa mshauri mkuu wa afya wa Rais, Jenerali Mark Milley aliyekuwa mkuu wa majeshi, wajumbe wa kamati iliyochunguza uvamizi wa Bunge wa Januari 6, 2021, na askari polisi waliotoa ushahidi mbele ya kamati hiyo. Msamaha wa Fauci hautaji kosa. Unataja muda tu, kuanzia Januari 1, 2014, na kazi alizozifanya serikalini. Dakika za mwisho kabisa akaongeza ndugu zake mwenyewe, na kwa maoni yetu hapo ndipo alipowaharibia watumishi waaminifu, maana waliwekwa kapu moja na familia ya mkubwa.

Kabla Januari haijaisha, Fauci na Milley walikuwa wameondolewa walinzi wa serikali. Msamaha haukuweza kuzuia hilo, kwani kumwondolea mtu walinzi si kumshtaki. Haukingi pia mashtaka ya jimbo, kesi ya madai, wala wito wa kamati ya Bunge. Na siku ileile ya Januari 20, Donald Trump alipoapishwa, akawasamehe watu wapatao 1,500 wa uvamizi ule. Asubuhi kasamehewa askari aliyepigwa, jioni kasamehewa aliyempiga, wote kwa mamlaka yaleyale ya Katiba.

Wewe Mhariri kisa cha George Burdick kitakugusa. Alikuwa mhariri wa gazeti la New York Tribune, akakataa kumtaja aliyempa habari kwa kuwa jibu lingeweza kumtia hatiani. Rais Woodrow Wilson akampa msamaha ambao hakuuomba, ili akose kisingizio cha kunyamaza. Burdick akaukataa. Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi, ikasema msamaha unaweza kukataliwa, na kwamba kuupokea kunabeba dhana ya kukiri kosa. Kwa hiyo mtumishi aliyetimiza wajibu wake akiupokea msamaha huu anapoteza vitu viwili: haki ya kunyamaza na nafasi ya kusafishwa na mahakama.

Kwetu Tanzania, kumsamehe mtu kabla ya kushtakiwa hakuwezekani. Ibara ya 45 ya Katiba inamruhusu Rais kumsamehe mtu "aliyepatikana na hatia mbele ya mahakama". Wakenya, ng'ambo ya Namanga, wana sharti kama hilo katika ibara ya 133. Sharti hili lisiguswe hata tukiandika Katiba mpya.

Lakini tusijipongeze. Hapa kisasi hakisubiri hukumu. Mtu akishtakiwa kwa utakatishaji fedha hana dhamana. Anapelekwa gereza la Karanga au Kisongo, kesi inatajwa, upande wa mashtaka unasema upelelezi bado haujakamilika, anarudi mahabusu. Baada ya wiki mbili, maneno ni yaleyale. Mwishowe Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuliondoa shauri, na kuliondoa si kumtangaza mtu hana hatia. Muda wote huo ibara ya 45 haimsaidii, kwa sababu hajahukumiwa.

Dawa iwekwe hapo. Hakimu au jaji awe na mamlaka ya kusikiliza ombi la dhamana kwa kila kosa. Upelelezi uwe na ukomo. Ibara ya 59B inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka azuie matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki. Basi anapomshtaki mtumishi kwa uamuzi wa kikazi, aandike sababu na mahakama izisome siku ya kwanza. Shauri likiondolewa, lisirudi kwa ushahidi uleule.

Na mtumishi mwenyewe ajilinde mapema. Agizo la simu kutoka kwa mkubwa liandikiwe dokezo siku hiyohiyo: nani kaagiza, saa ngapi, wewe ulishauri nini. Dokezo liingie kwenye jalada lipewe namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, na hiyo namba ndiyo ya kukumbuka. Nakala usiipeleke nyumbani. Nyaraka ya siri ikikutwa kabatini kwako, umewapa shtaka ambalo hawakuwa nalo.

Mawakili wawili,
Moshi