Nimelifungua sanduku la bati

Tanga, Ijumaa jioni

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, huku hatujambo, ila goti langu tu ndilo lina maneno yake. Usishtuke kuona barua badala ya simu. Kwenye simu nikianza mambo ya karatasi unaniitikia "sawa mama, sawa mama", na najua hapo husikii.

Nimelifungua lile sanduku lako la bweni. Tangu arubaini ya baba yako kazi yangu ilikuwa kutupia karatasi humo na kufunga. Siku tatu nimekaa mkekani nimezungukwa na makaratasi, hata kuku wakadhani nawamwagia kitu.

Baba yako alipofariki ulikuwa kidato cha pili, mengi tulikuficha. Mimi nilikuwa eda, miezi minne na siku kumi, sitoki. Baba yako mdogo ndiye aliyehangaika. Cheti cha kifo hakikusumbua. Kikao cha familia tulikaa, muhtasari ukaandikwa, akaenda nao Mahakama ya Mwanzo, akateuliwa msimamizi wa mirathi. Tukadhani yamekwisha. Kumbe kwenye mfuko wake wa pensheni marehemu ni Athumani, kwenye cheti chako cha kuzaliwa ni Othman, na kadi ya kura inasema Asumani, kama alivyosikia mwandikaji wa siku hiyo. Mtu mmoja, majina matatu, na kila dirisha linasema huyu siye. Ikawa kiapo kwa wakili, muhuri, nauli, njoo wiki ijayo. Mwaka ukapita na ushei. Ada yako ya muhula ule ilitoka kwenye cherehani yangu. Uliuliza sana ilikokwenda, nikakwambia iko kwa fundi.

Basi safari hii nimeanza na majina. Nimevaa miwani nikasoma herufi kwa herufi. Yako yanapatana yote, alhamdulillahi. Mwenye kasoro ni mimi. NIDA wananijua kwa mwaka 1964, kwa sababu siku ile niliulizwa nikakisia. Bibi yako alikuwa akisema Azimio la Arusha lilinikuta mgongoni, na Azimio ni Februari 1967. Piga hesabu mwenyewe. Sasa tarehe ile imo ndani ya namba yenyewe ya kitambulisho, tarakimu nane za mwanzo, kwa hiyo nimeamua kubaki na uzee wa bure. Wewe popote utakapoandika mwaka wangu, andika 1964, usije ukaleta ukweli ukatuharibia.

Risiti ya mabati ya nyumba ya uani nimeikuta nyeupe pee. Ile iliyotoka kwenye mashine, tuliyoitunza kama yai! Kijana wa steshenari kanieleza kwamba karatasi zile hazina wino, maandishi yanachomwa kwa joto, na siku zikipita yanafifia yenyewe. Kwa hiyo ukinunua kitu cha maana, toa fotokopi siku ile ile.

Karatasi ya kiwanja cha Pongwe ipo. Ni ukurasa wa kauntabuku wenye saini ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili, mmoja keshatangulia mbele ya haki. Hiyo ni karatasi ya mauziano, si hati, na asikudanganye mtu. Shahidi aliyebaki naye anakohoa. Nataka tupime kiwanja yeye angali hai.

La luku limenitia aibu. Wapangaji wawili wa uani wanatumia mita yetu. Kodi ya jengo inakatwa humo humo tangu 2021, ilianza elfu moja kwa mwezi, sasa ni elfu moja mia tano. Anayewahi kununua umeme mwanzo wa mwezi ndiye inayemkata, na anayewahi ni yule binti muuza vitumbua, maana anaamka saa kumi. Mwenye nyumba ni mimi, analipa yeye. Nilikuwa najua, nikanyamaza. Mwezi huu nimempunguzia pango, akanitazama kama nimepandwa na shetani.

Sasa lililonikalisha kuandika. Mirathi sina la kuipangia, Qur'ani imeshagawa, lakini deni hulipwa kwanza, kabla mtu hajapata hata kijiko. Tazama daftari la bluu, ukurasa wa mwisho. Nadaiwa laki tatu na kikundi chetu cha vikoba. Nilimchukulia kaka yako atengeneze injini ya bodaboda. Wewe nilikwambia ni dawa za goti, ukatuma elfu themanini, ukatuma tena. Goti linauma kweli, lakini dawa yake ni elfu kumi na mbili. Nilikudanganya mwanangu, unisamehe. Baba yako naye alinificha deni la duka kwa miaka. Mwenye duka alilisema matangani, mbele za watu, na mimi nimejifunika khanga sina pa kuuweka uso.

Usimpigie kaka yako kumgombeza. Analeta elfu tano kila Jumapili, nimeandika tarehe zote, mbili tu ndizo kazikosa.

Ukija Idi, njoo na picha mbili ndogo na kitambulisho chako, twende benki nikakuandikishe. Namba ya siri siiandiki humu, nitakutajia sikioni. Ufunguo wa sanduku anao mama yako mdogo, si mimi, maana mimi huupoteza. Na uniletee lile faili la plastiki lenye zipu. Huku wanaliuza elfu nane, nami siwezi kuibiwa mchana kweupe.

Mama yako