Tuhesabu tani iliyobaki mwambani

Kwa Mhariri,

Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023 yaliipa Kenya mgawo ulio wazi wa fedha za kaboni, yaani zinazotokana na kuuza tani za hewa ukaa zilizopunguzwa au kuondolewa angani: mradi wa ardhi huwapa wananchi wa eneo lake angalau asilimia 40 ya mapato, mwingine asilimia 25. Jambo jema. Lakini katika mgawo huo, jiko banifu lililopunguza moshi na tani ya hewa ukaa iliyonyonywa angani ikafungiwa mwambani hupimwa kwa kibaba kimoja.

Bonde la Ufa lina miamba ya basalti, jiwe jeusi la volkano. Hewa ukaa ikiyeyushwa kwenye maji na kusukumwa chini, hukutana na kalsiamu na magnesiamu ya mwamba, ikageuka jiwe. Katika majaribio ya CarbFix huko Iceland, yaliyoanza 2012, zaidi ya asilimia 95 iligeuka jiwe ndani ya miaka miwili. Kila tani, hata hivyo, ilihitaji takriban tani 25 za maji. Mtambo wa tani 1,000 kwa mwaka ukitumia njia hiyo utataka tani 25,000, na hapa Naivasha ziwa tayari linategemewa na wavuvi, mashamba ya maua na wakazi. Kibali kitaje chanzo cha maji kabla ya kisima kuchimbwa. Maji yanayotokana na mvuke uliopoa wa mitambo ya umeme wa jotoardhi yanafaa. Yale ya chumvi yanayotoka kisimani pamoja na mvuke yana silika, madini yanayounda mchanga. Yakipoa, silika huganda na kuziba mabomba.

Nishati nayo ihesabiwe. Mitambo inayonasa hewa ukaa angani kwa vichujio vikavu hula joto zaidi kuliko umeme, kwa kawaida la nyuzi 80 hadi 100, na Olkaria, kwenye visima vya jotoardhi karibu na Naivasha, joto la kiwango hicho lipo. Mtambo ukifungia tani 1,000 huku umeme, vifaa na usafiri wake vikitoa tani 200, ulipwe tani 800 tu. Sweden, iliyotenga takriban krona bilioni 20 kwa mradi mmoja wa kunasa hewa ukaa Stockholm, imepanga kulipa baada ya hewa kufungiwa, si kwa ahadi.

Mwisho, tani ambayo serikali imeidhinisha iuzwe kwa nchi nyingine chini ya Mkataba wa Paris haihesabiki tena kwenye ahadi zetu wenyewe za kupunguza hewa ukaa. Wizara itangaze kila mwaka ni tani ngapi imeidhinisha ziuzwe na ngapi zimebaki nchini, na tani za mwambani ziwe na safu yake.

Mhandisi wa visima vya mvuke,
Naivasha