Friji la bure, LUKU ya mwenye duka

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumze na wenye maduka, grosari na vioski kuhusu friji la kioo la kuonyeshea vinywaji, lile ambalo mara nyingi huletwa bure na msambazaji likiwa limepakwa rangi za soda au bia. Friji linakuja bure, umeme unalipiwa na mwenye duka kupitia LUKU, mita ya kulipia kabla. Umeme wa shilingi 10,000 ukiisha kabla ya wiki, wengi husema ni kwa sababu soda zinatoka sana na friji linapoza mchana kutwa.

Hesabu haikubaliani nao. Kreti ya chupa 24 za mililita 300 ina kilo 7.2 za kinywaji, na chupa tupu tuseme kilo 8. Kuishusha kutoka nyuzi 32 hadi nyuzi 4 ni kutoa joto la takriban kilojuli 1,000, karibu uniti (kilowati-saa) 0.3. Kompresa ndogo, pampu inayozungusha gesi ya friji, ikila uniti 1 ya umeme huondoa kama uniti 2 za joto, kwa hiyo kreti nzima inakula uniti 0.15. Kwa bei ya T1, kundi la matumizi ya kawaida ya umeme, kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hiyo ni shilingi 50 na kitu. Anayeuza kreti tatu kwa siku hafikishi hata 200 kwa kupoza soda. Wakati huohuo friji la zamani la mlango mmoja linaweza kula uniti 5 hadi 8 kwa siku. Nyingine zinakwenda wapi?

Anza na kioo. Mlango wa kioo kimoja wenye mita moja ya mraba, nje nyuzi 32 na ndani 4, hupitisha joto la wati 160 hivi, usiku na mchana. Kulitoa tena ni karibu uniti 1.9 kwa siku. Kioo cha tabaka mbili hupunguza joto hilo hadi nusu. Chenye gesi ya agoni katikati na utando usioonekana wa kuzuia joto hulifikisha karibu na robo. Unaweza kukipima mwenyewe kabla ya kusaini makabidhiano. Weka tochi ya simu karibu na kioo, uangalie kwa pembe vivuli vya mwanga vinavyoakisiwa. Viwili vilivyoshikana ni kioo kimoja. Jozi mbili ni tabaka mbili, na kimojawapo kikiwa na rangi tofauti na wenzake, utando upo.

Taa ndiyo inayotuudhi zaidi, maana inaishi ndani ya baridi. Tyubu ya wati 36 na choki yake (kifaa cha kuiwasha) hufika wati 45, yaani uniti 1.08 kwa siku, na joto lake lote linaangukia ndani kwa hiyo kompresa inaongeza nusu uniti kulitoa. Jumla 1.6 kwa ajili ya kumulika chupa hata saa nane za usiku duka likiwa na kufuli. Ukiweka taa ya LED ya wati 15 na kuizima kwa muda wa saa 12 kila siku, inabaki chini ya uniti 0.3. Tofauti kwa mwezi ni kama shilingi 14,000. Feni ya ndani ni hesabu ileile: mota ya kizamani ya wati 35 inakula uniti 1.26 kwa siku ukijumlisha kazi ya kutoa joto lake, wakati mota ya EC (inayoendeshwa kielektroniki) ya wati 8 haifiki 0.3. Ukibadilisha mota hakikisha upande wa kuzunguka na pembe ya pangaboi ni vilevile, kwa sababu feni ikisukuma hewa kidogo, evaporeta (mabomba ya ndani yanayotoa baridi) inashika barafu na baridi haifiki rafu za chini hata kompresa ikilia bila kupumzika.

Halafu kondensa, mabomba yenye mapezi yanayotoa joto nje. Iko chini, nyuma ya grili, na inavuta vumbi la barabara, unga wa dukani na mafuta ya chipsi kama jirani anakaanga. Ikiziba, gesi inageuka kuwa kimiminika kwenye nyuzi 55 badala ya 45, na kila nyuzi moja ya nyongeza inapandisha ulaji kwa asilimia 2 hadi 3. Hiyo ni robo ya umeme inayoondoka kwa uvivu wa brashi. Chomoa plagi, fungua grili, piga brashi laini kufuata mapezi kutoka juu kwenda chini, kisha puliza kwa blowa ukielekeza vumbi nje. Usitumie brashi ya waya. Mapezi yakilala hewa haipiti tena. Wala usimwage maji, nyaya na rilei (swichi ya kuwashia kompresa) viko hapohapo. Penye barabara ya vumbi fanya hivyo kila mwezi.

Mahali pa kuliweka pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Kibanda cha bati kinachotazama magharibi hufika nyuzi 38 jioni. Ukilinganisha na chumba cha nyuzi 30, joto linaloingia linazidi kwa asilimia 30, na kompresa yenyewe inachoka zaidi; vikikutana ulaji unazidi kwa karibu nusu. (Ndiyo maana friji lilelile likihamia kwenye baridi ya Njombe mwenye duka husifu fundi.) Acha sentimita 10 nyuma, usirundike maboksi juu, na usitandike maboksi wala nailoni kwenye rafu, hewa ya baridi inapita humo. Miguu ya mbele iwe juu kidogo kuliko ya nyuma ili mlango ujirudie wenyewe.

Raba ya mlango pima kwa noti: ibane, vuta. Ikitoka bila ubishi, hewa yenye unyevu inaingia. Katika pwani hii unyevu huo ndio unaogeuka barafu kwenye evaporeta. Raba iliyojikunja, isiyochanika, mara nyingi hunyooka kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto. Iliyochanika badilisha, usiweke gundi.

Kuhusu kuzima usiku, kuna anayesema asubuhi litakula mara mbili. Kweli kompresa itafanya kazi mfululizo asubuhi, lakini ndani kulipopanda joto usiku, joto lililoingia lilikuwa dogo zaidi, na feni na taa zilipumzika. Faida ipo, ingawa si kubwa kama saa zilizozimwa. Fanya hivyo kwa soda, maji na bia pekee, friji likiwa limejaa. Lenye maziwa, mtindi, juisi ya kukamua au nyama lisizimwe. Ukitumia taima iwe ya ampea 16, maana kompresa inapowaka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na taima nyepesi huyeyuka. Ukizima, usiwashe kabla ya dakika 5. Presha haijasawazika, kompresa itanguruma na kukata.

Kwa mafundi wenzetu, kwa ufupi. Friji la gesi ya R600a au R290 lisijazwe gesi ya R134a, na mfumo wa R134a usitiwe gesi ya kupikia. Gesi hiyo ina harufu iliyoongezwa na mara nyingi unyevu, na inalipuka mahali ambapo swichi na rilei hazikuundwa kuihimili. Kiasi cha gesi kipimwe kwa mizani. Mfumo wenye gramu 80 ukizidishiwa 15 kwa kukisia kwa mkono kwenye bomba, mteja ndiye anayelipa kila siku.

Sasa hoja yetu kwa wasambazaji na kwa Shirika la Viwango Tanzania. Wati zilizoandikwa kwenye kibati cha friji hazimwambii mwenye duka chochote cha maana, kwa sababu kompresa huwaka na kuzima. Anachohitaji ni uniti kwa saa 24, na ni za joto gani. Umoja wa Ulaya umelazimisha lebo ya uniti, japo za mwaka mzima, kwa mafriji ya kuuzia tangu Machi 1, 2021, lakini kabati za supamaketi kwa kawaida hupimwa katika daraja la 3 la ISO 23953, kiwango cha kimataifa cha kupima mafriji ya kuuzia: nyuzi 25 na unyevu asilimia 60. Dar es Salaam haina chumba cha namna hiyo bila kiyoyozi. Kiwango kilekile kina daraja la 7, nyuzi 35 na unyevu asilimia 75, na hilo ndilo linalofanana na duka la Mbagala mwezi wa Februari. Anayenunua friji la mtumba lenye lebo ya Ulaya akumbuke hilo.

Fomu ya makabidhiano ya friji la bure iongezewe mstari mmoja: uniti kwa saa 24, zimepimwa kwa nyuzi ngapi. Mstari huo ukikosekana, mwenye duka azime vingine vyote siku ya mapumziko, asome LUKU, aache friji peke yake saa 24 likiwa limejaa vinywaji vilivyokwisha kupoa, asome tena. Ikizidi uniti 5 kwa mlango mmoja na kondensa ni safi, ana haki ya kumwita msambazaji alibadilishe.

Mafundi wa majokofu,
Temeke, Dar es Salaam