Mashine yetu ya alizeti bado imefunikwa turubai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu wake wa viongozi na misaada yao. Nimeipokea kwa mikono yangu, na najua mambo yanavyokuwa mgeni akishaondoka.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 22 wilayani Kongwa. Misimu mitatu iliyopita, mke wa kiongozi mmoja alikuja kutukabidhi mashine ya kukamulia alizeti. Tulishona sare za vitenge, tukampigia ngoma ya muheme, wazee wakamwombea. Alilia aliposikia habari za wajane wetu, na naamini machozi yale yalitoka moyoni. Kesho yake fundi akaja kuifunga mashine. Akatazama mita, akatikisa kichwa: inataka umeme wa njia tatu, na kijijini kwetu umefika wa njia moja tu.

Tangu siku hiyo imekaa ghalani chini ya turubai. Kila Jumamosi mmoja wetu huenda kuifuta vumbi na kuipaka grisi isishike kutu. Alizeti tunaipeleka Kibaigwa kwa bodaboda, gunia moja moja, na mwenye mashine kule hubaki na mashudu yote, yaani makapi ya mbegu yaliyokwisha kukamuliwa. Mashudu hayo wafugaji wa hapa kwetu wangeyanunua hata kabla hayajapoa.

Tuliandika barua mbili, hazikujibiwa. Simlaumu mama yule, kwa sababu sina hakika kama zilimfikia. Tungezipeleka wapi? Katiba yetu ya 1977 haimpi mke wa kiongozi cheo wala ofisi. Anakuja na jina la mumewe, anaondoka nalo, na anayebaki na tatizo hana mlango wa kugonga.

Ndiyo maana nawaheshimu waliojenga mlango huo. Mama Anna Mkapa, mke wa Rais Benjamin Mkapa, alianzisha Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote mwaka 1997. Mama yangu mdogo, msusi wa vikapu, alifika kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba kupitia mfuko ule, akarudi anajua kupanga bei na kubandika lebo. Alipokwama, alijua amtafute nani. Mama Salma Kikwete naye, mke wa Rais Jakaya Kikwete na aliyekuwa mwalimu, alianzisha taasisi ya Wanawake na Maendeleo (WAMA) mwaka 2006, na kazi yake ikazaa shule ya sekondari ya wasichana yatima kule Nyamisati, mkoa wa Pwani. Shule ina mkuu wa shule na ina geti. Mzazi mwenye shida anajua pa kuanzia.

Basi naomba hivi. Mke wa kiongozi, awe wa ngazi yoyote, asikabidhi kitu kabla afisa maendeleo ya jamii wa kata hajakaa na kikundi na kuuliza maswali ya kawaida kabisa: umeme upo wa aina gani, maji yako wapi, fundi ni nani. Na akishakabidhi, atuachie namba ya simu ya mtu atakayepokea.

Mama uliyetuletea mashine, kama unasoma hapa, hatuna kinyongo nawe. Fundi anasema inaweza kuvutwa kwa mkanda na injini ya dizeli. Mashine ni nzima, na alizeti tunaanza kuvuna Mei.

Katibu wa kikundi,
Kongwa, Dodoma