Jicho Si Tufe Kamili

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Mwalimu wangu mpendwa,

Naanza na habari unayoingoja. Mtoto wa jirani yako alifika salama na mama yake kwa meli ya Alhamisi, akaonwa na daktari wa macho siku hiyohiyo, na Ijumaa akalazwa usingizi kwa dawa ili apigwe picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku, kwa kuwa mtoto wa miaka miwili huwezi kumwambia atulie nusu saa ndani ya bomba lenye kelele kama mashine ya kukoboa mpunga. Majibu kamili hayajatoka, kwa hiyo sitakutabiria neno. Nakushukuru tu kwamba ulipouona ule mng'ao mweupe kwenye mboni katika picha ya simu, hukuwasikiliza waliosema ni jicho la paka na litapona lenyewe.

Kabla simu yetu haijakatika uliniuliza, kwa utani wako uleule, mwanafizikia kama mimi anatafuta nini kwenye jicho la mgonjwa, na kama nimewahi kuvuka ile lenzi mbinuko tuliyoichora kidato cha tatu. Nilicheka, lakini swali halikuniacha, na leo nina nafasi ya kulijibu.

Jicho lina shida ambayo viungo vingine havina. Titi likivimba, daktari huchoma sindano, akatoa nyama kidogo, akaipeleka maabara. Jicho lenye retinoblastoma, ile saratani ya watoto wadogo tunayoihofia hapa, inayoota kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, halitobolewi hivyo, kwa sababu tundu la sindano laweza kuzifungulia seli za saratani njia ya kutokea. Daktari huamua kwa anachokiona, na picha ikikosea, uamuzi nao umekosea. Uliuliza pia kwa nini hawakutumia CT, ambayo ni ya haraka. CT hutumia eksirei, na baadhi ya watoto hawa wamezaliwa na hitilafu katika jeni iitwayo RB1, ambayo huwafanya wawe rahisi kupata saratani nyingine baadaye wakipigwa mionzi. MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio, na huonyesha pia kama uvimbe umeanza kuifuata neva inayotoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo. Hilo ndilo swali ambalo sote hapa tunalisubiri jibu lake.

Sasa nije kwa wanafizikia wenyewe. Kwa muda nimekuwa nikifuatilia kazi ya timu ya hospitali ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, inayoshughulikia saratani nyingine ya jicho, melanoma ya yuvea, yaani saratani ya seli za rangi katika tabaka la kati la ukuta wa jicho, ambayo huwapata watu wazima, hasa weupe wenye macho ya rangi nyepesi. Mimi sijakutana na mgonjwa wake hata mmoja. Kilichonivuta ni namna walivyouuliza upya swali ambalo wengi walidhani limekwisha jibiwa: jicho lina umbo gani?

Wewe huwafundisha wanafunzi kwamba ni tufe la kipenyo cha milimita 24 hivi, na kwa mtihani inatosha. Hata programu za kompyuta za kupanga tiba ya protoni, yaani kuupiga uvimbe kwa miale ya chembe za protoni, zilizobuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilianzia hapohapo: jicho lilichorwa kwa maumbo sahili ya jiometri, na uvimbe ukawekwa humo kwa kufuata vipimo vya daktari wa upasuaji, ambaye hushona vidonge vidogo vya metali ya tantalamu juu ya ukuta wa jicho ili vionekane kwenye eksirei. Tiba ya protoni imeokoa macho mengi tangu mgonjwa wa kwanza alipotibiwa jicho kwa njia hiyo katika eneo la Boston mwaka 1975, na sitaidharau. Lakini jicho halisi huwa refu kidogo huku, limebonyea kidogo kule, na uvimbe haufuati bikari ya mchoraji. Wanaopanga tiba huongeza ukingo wa usalama, katika vituo vingi milimita 2.5 kila upande, na ndani ya ukingo huo huweza kuwamo neva ya kuonea au kitovu cha retina, yaani uwezo wa mtu kusoma jina lake mwenyewe.

Fikiri pia juu ya kimo cha uvimbe, ambacho hupimwa kwa ultrasaundi. Sauti husafiri kwa takriban mita 1,532 kwa sekunde ndani ya majimaji ya jicho na mita 1,641 ndani ya lenzi, nawe unajua jinsi ya kugeuza muda wa mwangwi kuwa umbali. Hapo hakuna tatizo. Tatizo ni pembe. Kifaa kikielekezwa mshazari, uvimbe hukatwa mshazari, na kimo kinatoka kirefu kuliko kilivyo. Uvimbe wa milimita 5 unaweza kutibiwa kwa kibakuli cha fedha chenye rutheni-106, metali inayotoa mionzi, kinachoshonwa nyuma ya jicho kwa siku chache kisha kikatolewa. Chembe zake za beta huishiwa nguvu baada ya milimita chache, ndiyo maana jirani wa uvimbe husalimika. Uvimbe ukiandikwa milimita 7, baadhi ya vituo vitamhamishia mgonjwa kwenye protoni, au hata kumng'oa jicho kama hakuna kingine. Picha ya MRI yenye pande tatu humwezesha mpimaji kuchagua mkato ulionyooka kabisa, na hapo kosa la pembe huisha.

Usidhani ni kazi nyepesi. Jicho halitulii, kope hupepesa, na hewa iliyo mbele ya uso huivuruga sumaku. Watu wa Leiden walianza na mashine ya tesla 7 (tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku), yenye nguvu mara zaidi ya laki moja kuliko sumaku ya dunia inayoigeuza dira yako darasani, kisha wakahamishia waliyojifunza kwenye mashine za tesla 3 ambazo hospitali nyingi zaidi zinaweza kuwa nazo. Mgonjwa hukodolea macho alama moja, na hupewa nafasi maalumu za kupepesa. Jambo dogo kama ruhusa ya kupepesa ndilo lililonipendeza kuliko sumaku yote.

Huku kwetu saratani ya jicho ninayoisikia zaidi ni ile inayoota juu ya weupe wa jicho, pembeni mwa mboni, ikihusishwa na jua kali, virusi vya UKIMWI na virusi vya papiloma. Wavuvi wa mwaloni wengi huiona kama kinyama cha kawaida, wakatia dawa ya matone mwaka mzima. Hiyo haihitaji tesla yoyote. Inahitaji mtu wa kuitazama mapema na kisu cha daktari. Mashine ya protoni hatuna nchini, na sioni busara ya kuililia kabla hatujawa na wapimaji wa kutosha wa MRI wanaojua kuliweka jicho la mtoto mahali pake, kwani ustadi huo hauuzwi pamoja na mashine. Wiki iliyopita picha moja ililazimika kurudiwa kwa sababu tu koili, ile antena inayopokea mawimbi ya picha, iliwekwa vidole viwili juu zaidi ya jicho.

Nina ombi moja, nalo lisingoje likizo. Mama wa mtoto amenieleza kwamba ana mwingine wa miezi mitano aliyebaki kwa bibi yake hapo Nansio. Ugonjwa huu ukiwa wa kurithi, ndugu naye yumo hatarini, hata kama mboni zake zinaonekana safi. Tafadhali mpe bibi nauli, nitairudisha, apande meli ya Jumanne na mtoto; mimi nitawapokea bandarini. Na ile picha ya simu usiifute, daktari ameiomba.

Wako wa dawati moja,
Mwanza