Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: klipu za kufunga kidonda cha utumbo

Mheshimiwa Waziri,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kuhusu kifaa kinachoweza kulala juu ya ukucha wa kidole gumba.

Februari mwaka huu baba yangu alitolewa kinyama (uvimbe unaoota kwenye ukuta wa utumbo) cha sentimita 3 kwenye utumbo mpana, upande wa kulia, kwa kamera iliyopitishwa njia ya haja kubwa, bila kupasuliwa. Kazi ilikwenda vizuri. Klipu za kufunga kidonda hazikuwepo. Kesho yake tukarudi Kondoa tukimshukuru Mungu.

Usiku wa siku ya sita aliniita kutoka chooni. Nikamulika kwa simu: damu, tena mabonge. Tulikodi gari mpaka Dodoma, kilomita kama 160, baba amelala kiti cha nyuma juu ya kanga za mama zilizokunjwa mara nne. Kila baada ya muda nilimwita ili nisikie anaitika. Kufikia Haneti alikuwa anaitika kwa kichwa tu. Aliongezewa chupa tatu za damu, akaingizwa kamera tena, akapona.

Daktari simlaumu. Kinyama kikikatwa kwa waya wa umeme, mishipa huungua ikaziba; gamba lile likibanduka siku kadhaa baadaye, damu inaweza kufumka, hata wiki mbili zikiwa zimepita. Klipu hubana kingo za kidonda kipone, kisha hudondoka yenyewe na kutoka na choo.

Utafiti wa vinyama visivyo na kikonyo, vya sentimita 2 na kuendelea, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa upande wa kulia waliofungwa klipu walivuja damu baadaye asilimia 3.3, wasiofungwa asilimia 9.6. Upande wa kushoto faida haikuonekana, kwa hiyo siombi zitumike kwa kila mtu. Kinyama chenye kikonyo kinene kina njia zake: kuchomwa adrenalini, dawa ya kukaza mishipa ya damu ambayo hospitali zetu tayari zinayo, au kikonyo kubanwa kwa kitanzi kabla ya kukatwa.

Ninachoomba ni klipu na vitanzi viingie kwenye manunuzi ya Bohari ya Dawa na bima ivilipie. Wagonjwa wa mbali, wa Kondoa, Mpwapwa, Manyoni, wapewe karatasi ya Kiswahili: dalili za hatari, namba ya kupiga usiku, na, kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, lini waanze tena kuzinywa. Sisi tuliambiwa tu, "Mzee apumzike."

Baba anarudi kupimwa mwezi wa nane.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtoto wa mgonjwa, Kondoa