Mpango wenu wa safari ya mbuga uliwatesa wageni wangu

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako tangu ningali nahodha wa boti hapa Malindi, na sijawahi kukuandikia kulalamika. Safari hii imenishinda. Nazungumzia ule ukurasa mzima mliouchapa kabla ya likizo ya Agosti, wa familia kuzunguka mbuga na maajabu ya Pwani kwa gari kwa siku tatu. Utaukumbuka: juu picha ya tembo wa Tsavo mwekundu kwa vumbi, chini ramani yenye mishale.

Mishale ile ndiyo iliyomleta mtoto wa kakangu kutoka Nakuru, yeye na mkewe na watoto wawili, ndani ya kigari cha kukodi. Ukurasa wenu alikuwa ameukunja kwenye mfuko wa mlango wa gari, amepigia mistari kwa kalamu nyekundu. Nilimwambia usiku ule ule aibadilishe ratiba. Akanijibu kwa heshima zote, "Ami, lakini gazeti limeandika." Mzee aongeze nini hapo?

Mliandika kwamba saa tatu asubuhi watu waingie Hifadhi ya Bahari ya Malindi kutazama matumbawe. Saa tatu ya siku gani? Matumbawe hutazamwa maji yakipwa, na kupwa kwenyewe huchelewa kila siku kwa dakika kama 50. Leo saa tatu ikiwa ndiyo saa yake, wiki moja baadaye saa hiyo hiyo maji yamejaa. Tena Agosti ni kusi: bahari imechafuka na boti inarushwa. Anayetaka maji mangavu asubiri kaskazi, Desemba mpaka Machi. Hayo kila mtoto anayeshinda pale mivinjeni anayajua, na hakuna aliyeulizwa. Watoto walilipiwa kiingilio, wakalipiwa boti, wakainamia kioo cha chini ya boti wakaona mchanga unaovurugika. Yule mdogo alitapika mpaka tulipomshusha ufukweni.

Kutoka hapo mishale yenu ikawapeleka Marafa saa sita mchana. Mhariri, aliyeandika vile amewahi kusimama Marafa saa sita? Nyari, kama Wagiriama wanavyopaita, ni korongo lililochimbwa na mvua, kuta zake nyeupe, waridi na nyekundu. Wazee wanasimulia kwamba ni maziwa na damu ya matajiri waliooga maziwa kwa kiburi mpaka ardhi ikawameza. Ni pa kuendea jioni jua linapolala, rangi zile zinapowaka. Mchana mle chini hakuna kivuli, joto linakupiga kutoka juu na kutoka ukutani, hata Kiingereza wanapaita jiko la jehanamu. Binti mkubwa alitokwa na damu puani wakiwa katikati ya mteremko, na chupa ya maji waliyokuwa nayo ni moja, kwa sababu ukurasa wenu uliwaambia wabebe kofia na kamera na haukusema neno kuhusu maji. Mama mmoja wa pale akawapa maji ya mtungi na kumlaza mtoto mkekani. Wakachelewa, kama mtu yeyote angechelewa. Ikabidi warudi Malindi, wavute kilomita nyingine zaidi ya 100 kwenda lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, na kule wakafika giza limeingia. Malango ya Tsavo hufungwa saa kumi na mbili jioni. Mlinzi aliwaeleza kwa upole, na hakuwa na kosa. Hata wangefika mapema, noti zilizokuwa mfukoni zisingewasaidia, maana mbuga zinazosimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hazipokei pesa taslimu langoni. Kitanda cha Voi kilikuwa kimeshalipiwa, nacho kikapotea. Walinigongea mlango usiku wa manane, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, yule mdogo amelala begani kwa mama yake, na kijana wangu akaniambia jambo moja tu: "Ami, samahani." Aliyestahili kumwomba mwenzake samahani si yeye.

Tuseme wangeingia kwa wakati. Kutoka Sala mpaka Voi ni kama kilomita 100 za murram ndani ya mbuga, na mwendo unaoruhusiwa mle ni kilomita 40 kwa saa. Hizo ni saa mbili na nusu bila kusimama hata kumtazama twiga. Halafu siku ya pili mkawapangia maporomoko ya Lugard na chemchemi za Mzima asubuhi moja! Lugard iko mto Galana, Tsavo Mashariki. Mzima iko Tsavo Magharibi, ng'ambo ya reli na barabara kuu ya Mombasa. Hifadhi hizo mbili kwa pamoja zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000.

Na msitu wa Arabuko-Sokoke hamkuutaja kabisa, nao una karibu kilomita za mraba 420 na mtu anaufikia kabla chai haijapoa kwenye chupa. Ukiingia alfajiri na mtu anayeujua unaweza kumwona sange mwenye kiuno cha dhahabu, kile kinyama kidogo chenye pua ndefu. Jirani yake ni magofu ya mji wa kale wa Gede, yaliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024.

Hapa niwaguse na walimu wetu. Kila mwaka naona mabasi ya shule za Malindi yakiondoka usiku kwenda Nairobi, yakipita kando ya msitu huo huo na njia panda ya Gede, watoto wamelala. Wazazi wamechangishwa hela nyingi. Mtoto anarudi na hadithi za majumba marefu, na ukimuuliza Mida kuna nini hajui kama ni ghuba ya mikoko au ni mji. Hilo nalo liandikeni.

Ninachotaka ni hiki. Msichape tena mpango wa safari ambao aliyeuandika hajauendesha mwenyewe, kwa gari la kawaida, akiwa na mtoto wa chini ya miaka kumi kiti cha nyuma. Kando ya kila kituo wekeni saa ya lango kufungwa, namna ya kulipa, kituo cha mwisho cha petroli na lita za maji kwa kila mtu. Panapohusu bahari, chapeni jedwali la maji kupwa na kujaa la wiki ile, na mumpigie simu nahodha wa hapa kabla ya kuandika saa. Na ule mpango wa siku tatu urekebishwe kwenye ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule, kabla ya likizo ya Desemba.

Msomaji wenu,
Shela, Malindi